Shahidi wa Kununuliwa

Wengi wetu tumekwisha kuzoea kuuliza mambo kwa simu. Mtu akitaka kujua bei ya mahindi, au mahali pa kulala katika mji asioujua, huandika maneno mawili matatu, na mara majibu humjia kwa safu: la kwanza, la pili, la tatu. Ni wachache wanaoshuka hadi jibu la ishirini. Kwa hiyo kila mwenye kitu cha kuuza hutamani tovuti yake itajwe mwanzo. Tamaa hiyo si kosa. Wazee husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; lakini hata kizuri hakijiuzi kikifungiwa ghalani. Swali letu la mwezi huu ni jingine: je, ni halali kutumia hila ili kukipandisha juu kitu ambacho kwa kweli ni chema?

Swali hili hatukulitoa vitabuni. Kamati yetu husimamia nyumba ndogo ya wageni ya parishi, ambayo mapato yake husaidia kulipa karo za watoto yatima. Wageni walipopungua, kijana mmoja fundi wa kompyuta alituletea shauri. Kwa fedha kidogo, alisema, angetupatia viungo elfu moja kutoka tovuti mbalimbali, na baada ya miezi miwili tungekuwa wa kwanza katika mji wetu. Tulifurahi. Ndipo mama mweka hazina akauliza, "Mwanangu, hao elfu moja watakaotusifu, wamelala kwetu lini?" Kijana akatabasamu, akajibu, "Mama, hao si watu, ni kurasa tu. Na siku hizi kila mmoja hufanya hivyo." Hatukukata shauri siku ile. Tuliona ni vema kwanza tuelewe jambo lenyewe.

Mtambo wa kutafuta hufanya kazi hivi. Programu zake hutembea usiku na mchana kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo, yaani yale maneno ambayo ukiyagusa yanakupeleka ukurasa mwingine. Yale zinayoyasoma huwekwa katika faharasa kubwa. Na mtu akiuliza, kurasa hupangwa kwa kadiri zinavyoelekea kumfaa. Mitambo ya awali, kama AltaVista iliyoanza mwaka 1995, ilitegemea sana maneno yaliyomo katika ukurasa wenyewe. Wajanja hawakukawia. Walirudia neno moja mara nyingi, tena wakaliandika kwa herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, ili mtambo ulione na msomaji asilione.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, walianzisha kampuni ya Google wakiwa na wazo tofauti. Ukurasa usipimwe kwa yale unayojisemea tu, bali pia kwa yale ambayo wengine wanasema juu yake. Kiungo kutoka tovuti nyingine kikahesabiwa kama neno la shahidi, na shahidi anayeheshimiwa akawa na uzito kuliko yule asiyejulikana na mtu.

Sisi hatuna shida kulielewa wazo hilo. Watu wawili wakigombea mpaka wa shamba, baraza haliwasikilizi wao peke yao. Huwaita majirani walioona mkonge ukipandwa. Lakini penye mashahidi hapakosi mnunuzi wa mashahidi. Yakazuka masoko ya viungo, na tovuti zisizo na msomaji hata mmoja, zilizotungwa kwa kusudi la kuwasifu wenye kulipa. Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiuziwa sisi.

Walioanguka katika mtego huu si wadogo peke yao. Mwezi Februari 2006 tovuti ya kampuni ya magari ya BMW nchini Ujerumani iliondolewa kwa siku kadhaa katika majibu ya Google, kwa kuwa ilikuwa na kurasa zilizoonyesha mtambo jambo moja na wasomaji jambo jingine. Mwezi Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza jinsi duka kubwa la Marekani, J. C. Penney, lilivyokuwa likitajwa la kwanza kwa bidhaa nyingi kwa nguvu ya maelfu ya viungo vilivyopandwa katika tovuti zisizohusiana nalo. Google ikaingilia kati. Kwa aina moja ya masanduku ya safari, saa moja jioni duka hilo lilikuwa la kwanza. Saa tatu usiku lilikuwa la 71. Wakubwa wa duka walisema hawakujua, wakawaachisha kazi mafundi waliowaajiri. Lakini jina lililoshuka halikuwa la mafundi. Mwaka 2012 Google ilitoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, ya kuvishughulikia viungo vya namna hii, na mwaka 2024 ikapiga marufuku kurasa zinazotungwa kwa wingi ili kupotosha mpango wa majibu, ziwe zimetungwa na mtu au na mashine.

Hapo baadhi yetu tulisema, "Basi, tuache, tusije tukakamatwa." Lakini twaona jibu hilo halitoshi. Mwenye kuacha kuiba kwa sababu askari yupo hajaacha kuiba. Anangoja askari aondoke. Hebu tuchukulie kwamba mtambo usingetugundua kamwe. Nyumba yetu ni safi kweli, mashuka hufuliwa, na mapato huenda kwa yatima. Je, tumemdhulumu nani?

Turudi barazani. Mtu ana haki kamili ya shamba lake, lakini majirani walioujua mpaka wamekufa. Akawakodi vijana watatu waje waseme waliuona. Baraza likampa shamba, na kwa kweli lilikuwa lake. Hukumu ni ya haki, lakini njia yake imeoza. Kijiji kizima kimekwisha kujifunza kwamba ushahidi una bei. Kesho atakuja asiye na haki, mwenye fedha zaidi, na baraza halitakuwa na namna ya kumtambua. Hata jirani mkweli atakaposimama kusema, watu watanong'ona, "Huyu naye amelipwa ngapi?" Ukweli ulionunuliwa umewaharibia wakweli soko.

Ndivyo ilivyo kwa viungo, na kwa sifa za uongo zinazoandikwa na watu ambao hawajakanyaga mlangoni. Msafiri anayeuliza usiku, mtoto mgongoni, ameamini kwamba aliyetajwa kwanza ametajwa na watu. Mjane mwenye vyumba vitatu mtaa wa pili, ambaye wageni wake humsifu bila kulipwa, anasukumwa chini ili sisi tupite. Tena kuna jambo ambalo kijana hakutuambia: mara nyingine viungo hivyo vya bei rahisi hupachikwa kwa wizi katika tovuti za watu wengine, za shule, za zahanati, hata za makanisa, bila wenyewe kujua. Yatima hawalipiwi karo kwa mali ya namna hiyo. Na kusema kwamba wengine wote hufanya hivyo ni kueleza ukubwa wa ugonjwa, wala si kuuponya.

Yatupasa pia tusizidishe ukali. Si kila bidii ya kuonekana ni hila. Kuandika jina na mahali pa nyumba waziwazi, kuweka bei ya kweli, picha za vyumba vyenyewe, namba ya simu inayopokelewa, na maneno ambayo wageni wenyewe huyatumia wanapotafuta, hayo yote ni kumrahisishia muulizaji. Kumwomba mgeni aliyeridhika aandike alivyoona, bila kumpa kitu wala kumchagulia maneno, ni halali. Hata tangazo la kulipiwa ni halali, maadamu limeandikwa kuwa ni tangazo. Msomaji anajua anayesema ni mwenye duka. Kipimo chetu ni hiki: je, tungeweza kumweleza mgeni, anapokunywa chai mezani petu, jinsi tulivyomfikia, bila kuinamisha macho?

Kamati ilipokutana tena, tulimshukuru kijana na kukataa viungo vyake. Tulimwomba badala yake atutengenezee ukurasa unaofunguka upesi hata kwa simu ya bei nafuu, wenye maelezo ya njia kutoka stendi ya mabasi. Alikubali, na kazi aliifanya vizuri. Wageni wameongezeka kidogo, si kama tulivyoahidiwa. Muhula huu ilitubidi kuchangishana ili karo itimie. Mama mweka hazina alizihesabu fedha zile mara mbili, akaandika katika daftari kila shilingi ilikotoka.