Neno Ulilolitoa kwa Hasira

Wapendwa wanandoa, hebu tulifikirie jambo hili. Mume ni mlevi. Mkewe amemwonya: "Ukirudi umelewa tena, nitachukua watoto niondoke." Usiku huu amerudi amelewa. Je, mke ataondoka?

Swali kama hili waliulizwa watu wa rika mbalimbali huko Marekani, katika miaka ya 1980, na mtaalamu wa saikolojia Gisela Labouvie-Vief na wenzake. Wadogo walielekea kujibu upesi: ataondoka, kwani alisema. Watu wazima walielekea kuuliza kwanza: Alimaanisha, au alikuwa akimtisha? Ana mahali pa kwenda? Mume ameomba msamaha? Walijua kwamba neno hutoka kwa mtu, na mtu ana moyo.

Lakini umri peke yake haumkomazi mtu. Wako wenye mvi wanaoshika neno lao kama rungu, kwa kuogopa kuonekana wadogo. Mkumbukeni Herode. Alijua Yohane Mbatizaji ni mtu mwema, lakini kwa ajili ya kiapo na wageni waliokuwa mezani, akaamuru akatwe kichwa. Alitimiza neno, akaua mtu.

Mimi pia nimekosa. Nilimwambia mwanangu akichelewa tena atalala nje. Alipochelewa, nikafunga mlango. Mke wangu akaniuliza kwa upole: "Baba Petro, umemuuliza alikuwa wapi?" Sikuwa nimemuuliza. Alikuwa amempeleka nyanya yake zahanati. Nilifungua mlango kwa aibu, na heshima yangu haikupungua.

Mtauliza: basi tusiwe na msimamo? La, tuwe nao. Ahadi ya ndoa tuliitoa kwa hiari mbele za Mungu. Si sawa na tisho la hasira. Wala kukomaa si kumwambia mke avumilie kipigo. Kuna wakati kuondoka ndiyo busara. Lakini mwenye imani yenye mizizi haogopi kusikiliza. Na aliyejifunza kumsikiliza mwenzake nyumbani, ndiye atakayeweza kumsikiliza mkwe, jirani wa kabila jingine, hata mtu wa dini nyingine, kabla ya kumhukumu.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, ulizaneni: ni neno gani tulilolitoa kwa hasira, ambalo hadi leo tunalitumikia kama watumwa?