Kushuka Bondeni



Kila mtu wa Sumbawanga ajua maana ya kushuka bondeni. Hapa juu, kwenye uwanda wa Ufipa, tuna baridi na upepo, na maharage yetu yanastawi. Lakini aendaye Muze au Mtowisa hufika ukingoni pa Lyamba lya Mfipa, akashuka karibu mita 1,000 mpaka kwenye joto na mbu wa Bonde la Rukwa. Ndiyo maana neno "kushuka" halipendezi masikioni mwetu. Kupanda twaona ni heshima, kushuka ni adhabu.

Na tuungame, sisi tulio na kazi ya kuchunga. Barua ya uhamisho ikitutaja tukae mjini, twasema Bwana ameongoza. Ikitutaja twende bondeni, twatafuta cheti cha daktari, na kuuliza ni nani aliyetusengenya kwa Askofu. Wazee wa kanisa nao wana bonde lao: aliyeshindwa katika uchaguzi wa halmashauri haonekani tena ibadani mpaka uchaguzi mwingine. Na wakati huo kundi dogo, chini ya paa la nyasi, lamaliza Pasaka bila Meza ya Bwana, maana hakuna aliyekubali kushuka.

Ndugu zetu, njia ya Bwana wetu ni ya kushuka. Someni Wafilipi sura ya 2. Hapo Mtume Paulo amefunga mambo mawili pamoja: Kristo alijinyenyekeza, na Kristo alitii, hata msalabani. Tusiyatenganishe. Mtu aweza kuinamisha kichwa na kusema kwa sauti ya chini, na moyoni asitii hata kidogo. Mfalme Sauli, katika 1 Samweli 15, aliacha hai kondoo na ng'ombe walionona, akasema ni kwa ajili ya sadaka. Mungu hakuitaka sadaka hiyo, alitaka kusikilizwa. Nasi twaweza kununua mabati ya kanisa zima, na bado tukakataa neno lile moja tulilotumwa.

Kanisa letu la Kianglikana lina shahidi wa jambo hili, Kasisi Apolo Kivebulaya. Alikuwa Mganda, aliyewahi kuwa askari, akabatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alitoka Toro, akavuka Bonde la Semliki mpaka Boga, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Mtawala wa Boga, jina lake Tabaro, hakuyapenda mahubiri yake. Dada yake mtawala alipokufa kwa kuangukia mkuki, Apolo alisingiziwa mauaji, akapigwa, akafungwa gerezani Toro. Humo gerezani alimwona Bwana katika maono, akatiwa nguvu. Alipofunguliwa angeweza kuomba apelekwe kwingine, wala hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi Boga kule kule. Na Tabaro mwenyewe, aliyemtesa, akaja akabatizwa.

Apolo akawa shemasi mwaka 1900, kasisi mwaka 1903, na mwaka 1922 akapewa cheo cha kanoni wa Namirembe. Cheo hicho hakikumfanya aone msitu ni mahali padogo. Alikuwa mtu mzima tayari alipoanza kuwaendea Wambuti wa msitu wa Ituri. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933, akiwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, tofauti na desturi, maana huko ndiko kazi ilikokuwa bado. Hata kaburi lake latazama alikotumwa.

Hapa yafaa tuonye. Unyenyekevu si woga. Apolo alimheshimu Tabaro, lakini hakunyamaza kuhubiri ili ampendeze. Wala utii si fimbo ya kuwapigia walio chini. Mchungaji awaambiaye waumini "nyenyekeeni" ili wasiulize hesabu za sadaka, huyo anaitumia injili kujifichia. Na anayewatuma wengine bondeni, naye ashuke awatembelee, ale chakula chao, alale walalapo. Bwana hakuwaagiza wanafunzi waoshane miguu kabla hajachukua beseni mwenyewe.

Wazee wetu wa Kifipa wametuachia fundisho shambani. Mvua zikikaribia kwisha, mkulima hufukia nyasi chini ya udongo, akafanya matuta ya mviringo yaitwayo ntumba. Zile nyasi hazionekani tena, wala hakuna azisifuye. Lakini huko chini zaoza, zaunenepesha udongo, na msimu ufuatao watu wala ulezi. Hakuna mavuno ya ntumba bila nyasi zilizokubali kufukiwa.

Basi, tutakapochagua tena wazee wa kanisa, tusiulize tu nani ajua kusema. Tuulize nani alionekana kwenye msiba wa maskini, na nani alifagia kanisa bila kuitwa. Na wewe uliye na barua mfukoni ambayo hujaijibu, ijibu juma hili. Wako watu bondeni wanaokungoja.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeshuka kwa ajili yetu, utuondolee kiburi kinachovaa kanzu. Utufundishe kwenda unakotutuma, nasi tukifika tukukute umetutangulia. Amina.