Sadaka Haisimami Pahali pa Kazi

Ndugu zetu Waislamu,

Kila Ijumaa twatoka msikitini tukawakuta mlangoni ndugu zetu wasioona na wasioweza kwenda kwa miguu, wamenyosha mikono. Twawatilia shilingi, kisha twaenda zetu na nyoyo zetu zimeridhika. Sadaka hiyo ni njema, wala hatumkatazi mtu kuitoa. Lakini na tujiulize: mmoja wao akija dukani au afisini kwetu Jumamosi kutaka kazi, twamjibu nini? Aghlabu twamwambia, "Ndugu yangu, hii si kazi yako," hata kabla ya kumuuliza aweza nini na ahitaji nini.

Huu sio mwendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Sahaba Abdullahi bin Ummi Maktum, ambaye kwa sababu yake iliteremka Sura ya Abasa, alikuwa haoni. Na juu ya hayo alikuwa mwadhini wa Mtume wakati wa alfajiri. Zingatieni! Alfajiri hujulikana kwa macho, na mwenye kuiadhinia hana macho. Je, alinyimwa kazi? La, hasha. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa alikuwa haadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha. Kazi ilibaki yake, na kilichompungukia kilitimizwa kwa neno moja la mwenziwe.

Basi kanuni ni hii: usimwondolee mtu kazi, mwondolee kizuizi. Aliye na kiti cha magurudumu aweza kuhitaji mteremko wa saruji mlangoni na meza iliyoinuliwa kwa vipande vya mbao. Asiyesikia aweza kutoshelezwa na maagizo yaliyoandikwa. Asiyeona aweza kufanya kazi kwa kompyuta isomayo maandishi kwa sauti. Na programu moja ya namna hiyo, iitwayo NVDA, hutolewa bure. Wala usikisie, muulize mwenyewe, kwani mwenye ulemavu ndiye ajuaye zaidi.

Na hapa kwetu Kenya jambo hili si hisani tu. Sheria ya mwaka 2003 ilimwamrisha mwajiri kurekebisha pahali pa kazi kwa kadiri inayofaa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, imempa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Na sheria mpya ya mwaka 2025 yamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa ajili yao.

Nanyi mlio na ulemavu, nanyi wazazi wao, msikae nyuma ya mlango. Nendeni mkajiandikishe katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Lina mfuko ambao hupokea maombi ya vifaa kama viti vya magurudumu na vyombo vya kusikilizia. Tena, mkiomba kazi, semeni waziwazi ni kitu gani kitakachowawezesha kuifanya.

Enyi wenye maduka, maafisi na madrasa! Macho na miguu tuliyo nayo ni amana, na Mwenye amana huichukua siku aitakayo. Tuwafungulie wenzetu leo mlango ambao kesho huenda tukauhitaji sisi.

Wabillahi taufiki.