JE, UGOMVI HUU NI WA ISAKA NA ISHMAELI?

Mpendwa msomaji, umesikia watu wakisema Wakristo na Waislamu hawatapatana kamwe, eti ugomvi ulianzia hemani kwa Ibrahimu, uko kwenye damu. Je, ni kweli?

Wewe Mluguru wa Mikese, damu ya Isaka umeitoa wapi? Na ndugu yako aendaye msikitini, Ishmaeli ni babu yake wa upande gani? Ukoo wenu ni mmoja, mama yenu ni mmoja. Huyu Yohana, yule Juma. Msiba ukitokea mnachimba kaburi pamoja.

Fungua Mwanzo 25:9. Ibrahimu alipokufa, nani walimzika? Isaka NA Ishmaeli, wote wawili, katika pango la Makpela! Wengi wanauruka mstari huo.

Sasa tazama hapa kwetu. Oktoba 2012, Mbagala, makanisa yalichomwa na kuharibiwa. Chanzo? Ubishi wa watoto wawili juu ya Kurani. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mchungaji aliuawa. Chanzo? Nani ashike kisu cha kuchinja. Ishmaeli hakuwepo pale. Ilikuwepo hasira ya watu.

Yakobo 4:1 anauliza vita vyatoka wapi, naye anajibu: katika tamaa zilizo ndani yetu. Ukisingizia damu hutatubu, maana nani awezaye kutubu kosa la babu? Lakini hasira ni yako. Unaweza kuiacha leo.

Ndugu, kabla jua halijazama, nenda kwa jirani uliyemnunia. Mpe mkono. Mungu akubariki.