Heri ya Kulazimishwa

Mgeni atokaye visiwani hushangazwa kwanza na mawe ya Butiama. Kando ya majabali ya Mwitongo, tangu Oktoba 1999, amelala Mwalimu Julius Nyerere, mtu aliyetufasiria Shakespeare na kuwaita wafanyabiashara wa Venisi “mabepari”. (Tafsiri hiyo ilitoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Nani asemaye kwamba tafsiri haina siasa?)

Swali lililonifuata kutoka Musoma hadi Bunda ni hili: je, yafaa kumlazimisha mtu jambo la heri?

Mwaka 1968, katika waraka wa Uhuru na Maendeleo, Mwalimu alishikilia kwamba watu hawaendelezwi na mwingine, hujiendeleza wenyewe. Kwangu mimi, hakuandika hoja iliyo bora kuliko hiyo. Novemba 1973 yeye huyo huyo akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na kazi hiyo iishe kabla ya 1976 kwisha. Mwaka 1974 amri ikafika Mara, kwao. Familia zikaacha makazi yaliyotawanyika, na makaburi ya wazee, zikapangwa pamoja. Mkulima wa pamba aliyezoea kuliona shamba lake mlangoni, sasa alilifuata kwa mwendo.

Novemba ya mwaka huo huo, TANU ikatoa Azimio la Musoma: elimu ya msingi imfikie kila mtoto ifikapo 1977, isingojee 1989. Shule yataka watoto waliokaribiana, na kijiji kiliwakusanya. Hapo ndipo penye ugumu. Binti ambaye babake hakuulizwa alijua kusoma kwa sababu ya kuhama kule kule. Walimu wa UPE walichekwa, “Ualimu Pasipo Elimu”, nao wakafundisha.

Je, shukrani ya binti yafuta uchungu wa baba? Naona haifuti. Deni la mmoja halilipwi kwa mfuko wa mwingine. Wakoloni nao walitutajia reli. Wala sisi wa visiwani tusijione tumesalimika: baada ya 1964 ziligawiwa ekari tatu tatu, na aliyepewa hailezi habari hiyo kama aliyenyang’anywa.

Mwalimu aling’atuka urais 1985, akarudi Butiama kulima. Amri ilipolegea miaka ile ya 1980, zipo familia zilizorejea kwenye mashamba ya zamani. Shule ilibaki ilipojengwa, watoto wakawa wanaifuata kwa miguu.