Nguvu na Kujizuia

Mjukuu wangu alinitaka ushauri: anunue Suzuki Swift ya kawaida, au Swift Sport yenye injini ya lita 1.6? Ni gari la kwendea kazini kila siku. Nilitaka kumkemea, nikakumbuka kuwa ujanani nami nilitamani pikipiki kwa ajili ya ngurumo yake. Kupenda chombo chepesi, kinachomtii dereva, si kosa. Lakini nilipokuwa mwalimu mkuu nilimzika mwanafunzi aliyegongwa akivuka barabara. Sheria ya Tanzania inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu.

“Nunua ulipendalo, mjukuu wangu,” nilimwambia. “Ila kwanza jiulize: nguvu nitakazokuwa nazo, nitaweza kuzizuia?” Uungwana wa mwenye nguvu ndio huo.