Mwami mbele ya watu wake

Katika masimulizi ya Wanyanga wa Walikale, yaliyochapwa 1969, Mwami Shemwindo aliwaamuru wake zake wazae wasichana tu. Mwindo akazaliwa mvulana. Baba akataka kumuua, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto akapona, akakua, akamshinda baba. Hapo sisi walimu huwauliza wanafunzi: sasa atamuua? Wengi wanajibu ndiyo, bila kufikiri.

Hapana. Watu wote wanaitwa. Shemwindo anakiri kwa mdomo wake mwenyewe, na Iyangura, dada yake, anamkaripia mbele yao. Kisha nchi inagawanywa, baba huku, mwana kule. Na haikuishia hapo: Mwindo mwenye nguvu anaua joka, rafiki wa Nkuba, yaani radi, naye anapelekwa mbinguni kuadhibiwa. Kumbe hata mshindi anahukumiwa! Hilo sheria zetu zimeliandika vizuri, ila kulitenda ndiyo shida.

Sisi wa Makobola tunasoma haya tukiwaza mauaji ya mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, ya 2010, inataja zaidi ya watu 800. Lakini ripoti si hukumu. Wengine wanatuambia ati tusamehe tu, yaishe. Tumsamehe nani? Shemwindo alisamehewa akijulikana jina, na kosa lake limetajwa. Hata kwenye lubunga, wazee wetu Wabembe humwita mtu kwanza, aje aseme.